Dereva Akiondoka, Nani Atamwambia Abiria Kona Inakuja?

Dereva ni nadra kutapika. Watu watano wakipanda gari moja kupita barabara ya milimani yenye kona nyingi, mmoja atafungua dirisha kutafuta hewa, mwingine atafumba macho na kunyamaza, lakini aliyeshika usukani atafika mzima, hata kama ni yule yule ambaye akiketi nyuma huwa hoi. Gari ni moja na kona ni zile zile. Tofauti ni kwamba mikono yake ndiyo inayoikata kona, kwa hiyo mwili wake umeshapata habari kabla kona haijafika.

Habari hiyo ndiyo kiini cha kazi ya kutengeneza gari linalojiendesha ambalo mtu atalipanda kwa raha. Matangazo hutuonyesha viti vya ngozi vinavyozunguka, taa za rangi, meza katikati na watu wanaocheka huku wakitazama filamu. Kwa maoni yangu, picha hizo zimeanzia mwisho. Dereva akiondolewa, kila aliyemo ndani anageuka abiria, na abiria ni mtu anayepelekwa bila kuambiwa. Kabla ya kumchagulia kitambaa cha kiti, mbunifu anapaswa kutafuta njia ya kumrudishia ile habari ya mapema aliyokuwa nayo dereva, au angalau aliyokuwa akiisoma abiria mwenyewe kwenye mabega na mikono ya dereva.

Tuanze na mwili, maana ndio mkali zaidi na haubembelezeki. Ndani kabisa ya kila sikio kuna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, na kila mmoja umeelekea upande wake. Kichwa kikigeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo, na chembe zenye vinyweleo hupeleka taarifa kwenye ubongo kwamba tunazunguka. Karibu na mifereji hiyo kuna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo mno vya chokaa, ambavyo hutambua kuinama, kupanda, kushuka, kusukumwa mbele na kurudishwa nyuma. Macho yana taarifa yake, misuli na ngozi zina yake. Ubongo huzilinganisha zote, kisha huzipima kwa kile ulichokuwa umekitarajia.

Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Mwingereza James Reason alisaidia kuweka bayana maelezo ambayo wengi wanayakubali hadi leo: roho huchafuka pale taarifa hizo zinapopingana, zenyewe kwa zenyewe au na matarajio. Abiria anayesoma ujumbe kwenye simu ana macho yanayosema ametulia na masikio yanayosema amegeuzwa kushoto, akasukumwa mbele, akarudishwa. Anayetazama nje kupitia kioo cha mbele ana nafuu, kwa kuwa macho yake yanaiona kona. Dereva ana nafuu kuliko wote. Na sasa tunataka kumchukua dereva huyo, tumpokonye usukani, halafu tumwambie ajisomee. Mwaka 2015 watafiti Michael Sivak na Brandon Schoettle wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwauliza watu wangefanya nini ndani ya gari linalojiendesha kabisa. Wengi walitaja mambo yale yale yanayochafua roho: kusoma, kuandika ujumbe, kutazama filamu. Wakakadiria kwamba kati ya asilimia 6 na 10 ya watu wazima wa Marekani wangepatwa na kichefuchefu mara nyingi au kila safari.

Kuna jambo jingine kuhusu sikio ambalo watengenezaji wa viti laini wangependa lisiwepo. Si kila mtikisiko unaochafua roho. Mitetemo ya haraka ya barabara mbovu inaudhi na kuumiza mgongo, lakini haitapishi. Kinachotapisha ni mwendo wa polepole wa kwenda na kurudi, hasa ule unaojirudia mara moja kila sekunde 5 hivi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2631, ambacho wahandisi hukitumia kupima athari za mtikisiko kwa mwili, kinapokokotoa kichefuchefu huhesabu mwendo unaojirudia kati ya mara 0.1 na 0.5 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya mawimbi ya bahari. Kwa bahati mbaya, ndiyo pia kasi ya gari lililo kwenye foleni: kidogo mbele, breki, kidogo mbele, breki. Gari lenye springi laini kupita kiasi linaweza kuondoa mitetemo isiyo na madhara makubwa na kuacha kule kuyumba kunakodhuru. Na gari lenye kompyuta inayositasita, inayoongeza kasi kidogo, ikajishuku, ikapunguza, ikaongeza tena, linaweza kumlaza abiria hoi bila kufanya kosa hata moja la barabarani.

Kwa sababu hiyo starehe ya kweli imo katika programu inayoamua gari lipite wapi na kwa mwendo gani. Programu hiyo hufanya uamuzi upya mara nyingi kila sekunde. Inachora njia kadhaa zinazowezekana, inazipa kila moja gharama, kisha inachukua yenye gharama ndogo. Hatari ya kugonga ina gharama kubwa kuliko zote. Kuvunja sheria kuna gharama, na kuchelewa pia. Na kumshtua abiria lazima kuwe na gharama yake, la sivyo kompyuta haioni ubaya wowote wa kufunga breki kwa kishindo kila inapotaka kusimama. Mtu anayekaa kwenye kompyuta akipanga gharama hizo anaigusa raha ya abiria kuliko fundi wa viti.

Kinachopimwa hapo si kasi. Abiria wa treni anaweza kusimama kwa utulivu kwenye behewa linalokwenda kilomita 200 kwa saa. Hata mabadiliko ya kasi, mwili unaweza kuyahimili, kama yanakuja taratibu. Dereva mpole akifunga breki hazidishi sana mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde, ilhali breki za dharura kwenye lami kavu hufika 8 na zaidi. Lakini hata breki ndogo inaudhi ikija ghafla, kwa sababu shingo haikupata muda wa kujikaza. Wahandisi wa reli waliligundua hilo tangu karne ya 19. Reli iliyonyooka haiingii kwenye kona kwa mkupuo. Huwekwa kipande cha katikati ambacho mkunjo wake unakaza kidogo kidogo. Madereva stadi nao hufanya kitu kinachofanana na hicho bila kufundishwa darasani: gari likikaribia kusimama kabisa, wanaiachia breki kidogo, ili kichwa cha abiria kisitupwe mbele halafu nyuma. Kompyuta haina ustadi huo mpaka mtu auandike.

Je, iendeshe kama nani? Jibu la haraka ni kwamba iendeshe kama mwenye gari anavyoendesha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilijaribu jibu hilo kwa kutumia kifaa cha kuigiza uendeshaji, na matokeo yao ya 2017 yanafurahisha. Watu walipenda gari linaloendesha kwa tahadhari zaidi kuliko wao wenyewe. Ila walichagua mtindo waliodhani ndio wao. Kwa maneno mengine, kila mtu anajiona dereva mpole, na akipewa kioo cha kweli kuhusu uendeshaji wake anakikataa.

Hapa inabidi niseme jambo zito. Ulaini wa safari unaweza kununuliwa kwa bei mbaya. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilieleza katika taarifa yake ya awali kwamba vifaa vya gari vilimnasa yapata sekunde 6 kabla, na kwamba sekunde 1.3 kabla ya kugonga mfumo ulitambua kuwa breki za dharura zinahitajika. Breki hizo hazikufungwa. Kampuni ilieleza kuwa zilikuwa zimezimwa gari linapoendeshwa na kompyuta, ili kupunguza uwezekano wa gari kufanya mambo ya kushtukiza. Aliyeketi kwenye usukani ndiye aliyetegemewa kuingilia kati, na mfumo haukutengenezwa kumwonya.

Gari linaloshtukashtuka ni gari lisilo na uhakika wa kile linachokiona. Linadhani mfuko wa plastiki ni jiwe, au kivuli ni ukuta. Ukimpa abiria safari laini kwa kuyafumba macho ya gari, umeficha tatizo mahali ambapo litaonekana siku mbaya. Ulaini unaokubalika ni ule unaopatikana kwa kuona mapema: gari linalomwona mtembea kwa miguu akiwa bado mbali linaanza kupunguza mwendo mapema, na breki haihisiwi. Kwa hiyo mara nyingi raha na usalama havigombani hata kidogo. Vyote viwili hutokana na kuona mbali. Vinagombana tu pale gari lilipochelewa kuona, na hapo hakuna mjadala, abiria na amwage kinywaji chake.

Baada ya mwili kuna akili, na akili nayo inaulizia habari ile ile: nini kinakuja, na kwa nini? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti kuhusu gari la kuigiza lililokuwa likijifungia breki lenyewe, huku sauti ikitoa maelezo. Walioambiwa sababu, kwa mfano kwamba kuna kizuizi mbele, waliyapenda maelezo hayo na wakaendesha vizuri. Walioambiwa tu kwamba gari linafunga breki waliendesha vibaya zaidi. Walioambiwa yote mawili walikuwa salama kuliko wote, lakini walikereka. Gari lile bado lilikuwa na dereva, kwa hiyo matokeo yake hayahamishwi moja kwa moja kwa abiria mtupu. Hata hivyo yanaonyesha njia: mtu anataka kujua sababu, na hataki kuhutubiwa.

Ndiyo maana ndani ya teksi zinazojiendesha za Waymo, kampuni iliyozaliwa kutokana na mradi ulioanzishwa na Google mwaka 2009, kuna skrini inayomchorea abiria kile gari linachokiona: magari jirani, watembea kwa miguu, taa za barabarani na mstari wa njia inayofuata. Abiria haihitaji picha hiyo ili afike. Kazi yake ni kumthibitishia kwamba yule mwendesha baiskeli aliye kulia kwake ameonekana. Gari likisimama bila sababu inayoonekana dirishani, picha ya mtu anayevuka mbele ya lori huondoa wasiwasi papo hapo. Skrini ya namna hii imefaulu pale abiria anapoacha kuitazama.

Lakini hebu ona mtego uliopo. Akili inaambiwa itazame skrini ili itulie, na kutazama skrini ndiko kunakochafua roho. Dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Sijaona mbunifu aliyeutegua mtego huu kabisa, ingawa majaribio ni mengi, na yale yenye akili yanafanana kwa jambo moja: yanapeleka habari kwenye hisi ambayo haina kazi. Mwaka 2018 kampuni ya magari ya Citroën ilitoa miwani isiyo na lenzi, yenye duara zilizojazwa kimiminika cha buluu mbele na pembeni mwa macho. Gari likiinama kimiminika nacho huinama, na pembe ya jicho hupata upeo wa kuegemea. Mwaka 2024 Apple iliweka kwenye simu zake vidoto vinavyotembea pembezoni mwa skrini kulingana na mwendo wa gari, ili anayesoma aendelee kusoma huku jicho likipata fununu ya kona. Wengine hujaribu mlio mfupi kabla ya breki, taa inayohamia upande ambao gari litageukia, au kiti kinachosukuma ubavu kwa upole nusu sekunde kabla. Njia rahisi kuliko zote haina hata umeme: madirisha makubwa yanayoshuka chini, kiti kilichoinuliwa, na skrini iliyowekwa juu karibu na kioo badala ya mapajani.

Basi vipi kuhusu vile viti vinavyotazamana? Si ndoto za matangazo tu. Cruise, kampuni iliyokuwa chini ya General Motors, ilionyesha gari lake la Origin Januari 2020, halina usukani na viti vyake vinatazamana. Mwaka 2024 General Motors ikaachana nalo. Zoox, inayomilikiwa na Amazon, ilionyesha la kwake Desemba 2020, na kuanzia Septemba 2025 ikawa inabeba abiria wa kawaida mjini Las Vegas. Gari la Zoox halina mbele wala nyuma, laweza kwenda upande wowote bila kugeuka, jambo linalofaa sana kwenye mitaa finyu. Anayeketi akitazama nyuma ana faida moja ya kweli: gari likigonga kwa mbele, mgongo wake wote unapokewa na kiti. Ila kona zote zinamfikia bila taarifa, kwa kuwa anaona tu barabara iliyokwisha kupita. Kwa safari ya dakika 10 mjini si neno. Kwa safari ya saa mbili mimi ningegombania kiti kinachotazama mbele, na nashuku kwamba watu wengi wangefanya hivyo kimyakimya, kisha gari la viti vinavyotazamana likawa na nusu ya viti visivyotakiwa.

Kulala nako kuna gharama yake. Mkanda wa usalama umetengenezwa kukamata mifupa ya nyonga na kifua cha mtu aliyeketi wima. Aliyelala chali anaweza kuteleza chini ya mkanda gari likigonga, na mkanda ukamkaba tumboni penye viungo laini. Machi 2022 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilirekebisha kanuni zake ili magari yasiyo na usukani yakubalike, huku ikisisitiza kwamba abiria wake walindwe kwa kiwango kile kile cha magari ya kawaida. Kanuni inaweza kubadilika kwa kalamu. Mwili unaoteleza chini ya mkanda unahitaji kiti, mkanda na mifuko ya hewa vilivyobuniwa upya kwa pamoja.

Watu hudhani hofu ya kupanda mashine isiyo na mwendeshaji ni jambo geni. Lifti zilipita njia hii. Teknolojia ya kuziendesha bila mhudumu ilikuwepo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ila watu hawakutaka kuingia kwenye kijumba kisicho na mtu wa kukiamuru. Mwaka 1945 wahudumu wa lifti mjini New York waligoma, na maelfu ya watu wakakwama. Baada ya hapo wenye majengo wakawa na hamu kubwa ya kuachana na wahudumu. Kilichosaidia kuwashawishi wapandaji ni vitu vidogo: simu ya dharura, sauti tulivu iliyorekodiwa, na kitufe chekundu cha kusimamisha.

Gari la majaribio la Google lililoonyeshwa mwaka 2014, lile lisilo na usukani wala pedali, nalo lilikuwa na kitufe cha kusimamisha. Kitufe hicho kina ugumu ambao lifti haina. Lifti ikisimama popote imesimama. Gari likisimama katikati ya makutano, au kwenye reli, limemweka abiria mahali pabaya kuliko alipokuwa. Kwa hiyo katika teksi za leo kitufe huwa ni ombi: gari linatafuta mahali salama ndipo linaegesha. Hilo ni sawa, mradi maandishi yasidanganye. Aliyebonyeza akiamini gari litasimama hapo hapo, kisha likaendelea mita 200 bila kusema kitu, atahisi ametekwa. Gari linapaswa kujibu mara moja kwamba limesikia, na kuonyesha litakapoegesha.

Dereva alikuwa na kazi nyingine ambazo hakuna aliyezihesabu mpaka alipotakiwa kuondoka. Alimtambua abiria kwenye umati. Waymo sasa huonyesha herufi za kwanza za jina la abiria kwenye kifaa kilicho juu ya paa. Alipandisha mizigo, aliona mkanda wa mtoto haujafungwa, aliokota pochi iliyosahaulika, na uwepo wake tu uliwatuliza watu wasiojuana waliobanana kiti kimoja. Kamera za ndani zinajaribu kufanya baadhi ya kazi hizo, kwa gharama ya faragha, na abiria ana haki ya kujua zinarekodi lini na kwa ajili ya nani. Kwa wenye ulemavu faida inaweza kuwa kubwa kuliko kwa mtu mwingine yeyote: mwaka 2015 Steve Mahan, asiyeona, alisafiri peke yake katika gari la Google kwenye mitaa ya Austin, Texas. Lakini skrini nzuri haina maana kwake bila sauti, na mwenye kiti cha magurudumu hafaidiki na gari lisilo na njia ya kupandia wala mtu wa kukifunga kiti chake.

Nimeacha mwisho hali ambayo naiona ngumu kuliko kona na breki zote: gari limesimama, halijui la kufanya, na limenyamaza. Labda barabara imezibwa na mafundi, labda taa za barabarani zimezimika. Mbali huko mfanyakazi anatazama picha za kamera ili alishauri gari. Abiria hajui lolote kati ya hayo. Anachohitaji kuambiwa ni kidogo: gari limekwama kwa nini, nani anashughulika, yachukua muda gani, na je, anaruhusiwa kushuka. Kama jibu la swali la mwisho ni ndiyo, mlango uwe na kitasa cha kushikika kwa mkono, kinachoonekana gizani na kinachofunguka hata umeme wa gari ukiwa umekatika.